Kwa nini ubatizo wangu unakubaliwa huku na kukataliwa kule?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Nilibatizwa nikiwa mtoto mchanga katika Kanisa la Kilutheri. Mchumba wangu ni Mkatoliki, na padre wake ameniambia kwamba hata nikiamua kujiunga nao sitabatizwa tena. Kaka yangu ameokoka na anasali na Wapentekoste. Mchungaji wake ameniambia kwamba nilichofanyiwa utotoni si ubatizo. Wote wawili walinifungulia Biblia. Naomba unieleze tofauti hizi za madhehebu zilitoka wapi, na kama ni tofauti za imani kweli au ni ugomvi wa viongozi tu."

Ndugu msomaji, padre na mchungaji uliozungumza nao hawakukudanganya. Kila mmoja alikupa jibu la kanisa lake, na majibu yao yanapingana kwa sababu, kabla hata ya kufungua Biblia, kila mmoja alikuwa amekwisha kujibu swali jingine ambalo wewe hukuliuliza: katika ubatizo, nani hasa anatenda? Kwa Mkatoliki, na vilevile kwa Mwothodoksi, Mlutheri na Mwanglikana, mtendaji wa kwanza ni Mungu, na anayebatizwa hupokea, kama mtoto anavyopewa jina kabla hajajua kulitamka. Kwa Mpentekoste, Mbaptisti na Mmenonaiti, ubatizo ni itikio la mtu aliyekwisha kuamini, anayekiri mbele ya mashahidi neema aliyoipokea. Asiyeweza kuamini bado hawezi kuitikia, na maji aliyomwagiwa hayawi ubatizo hata kama maneno yote yalitamkwa sawasawa. Ndiyo maana mchungaji wa kaka yako, ukimsikiliza kwa makini, hasemi kwamba ubatizwe "tena". Kwake yeye itakuwa mara ya kwanza.

Biblia yenyewe ina nafasi ya kutosha kwa wote wawili. Wa upande wa kwanza watakusomea Matendo ya Mitume sura ya 16, ambapo mlinzi wa gereza la Filipi alibatizwa usiku uleule pamoja na watu wake wote, nao watakuuliza kama nyumba ile haikuwa na mtoto hata mmoja. Wa upande wa pili watakujibu kwamba sura hiyohiyo inasema wote waliomo nyumbani walihubiriwa neno la Bwana kwanza, na kwamba katika Marko 16:16 kuamini kunatajwa kabla ya kubatizwa. Agano Jipya halina mstari unaoagiza watoto wachanga wabatizwe, wala halina mstari unaokataza. Mahali Maandiko yalipokaa kimya ndipo ilipobidi mtu aamue, na tangu hapo swali halikuwa tena ubatizo peke yake bali lilikuwa pia nani mwenye haki ya kuamua. Nakuomba ulishike swali hilo, kwa maana litarudi karibu kila mahali nitakapokupitisha.

Ugomvi juu ya ubatizo ni wa kale kuliko wengi wanavyodhani. Katikati ya karne ya 3, watu waliokuwa wamebatizwa na makundi yaliyojitenga walipotaka kurudi kundini, Sipriani, askofu wa Karthago huko Afrika ya Kaskazini, alishikilia kwamba nje ya Kanisa hakuna Roho Mtakatifu, na pasipo Roho hakuna ubatizo, basi wabatizwe. Mwaka 256 maaskofu 87 waliokutana Karthago walimuunga mkono. Stefano, askofu wa Roma, alikataa katakata: desturi ya Roma ilikuwa kuwawekea mikono kwa ajili ya toba, na hilo lilitosha. Kilichonyamazisha ugomvi wao hakikuwa hoja bali kifo, kwani Stefano alifariki mwaka 257 na Sipriani akauawa kwa ajili ya imani mwaka 258. Wote wawili wanaheshimiwa leo kama watakatifu, jambo ambalo huwa nawakumbusha wanaodhani kwamba Kanisa la mwanzo lilikuwa na sauti moja katika kila jambo.

Karne iliyofuata swali lilirudi kwa ukali zaidi. Katika mateso yaliyoanza mwaka 303, chini ya Kaisari Diokletiano, baadhi ya makasisi wa Afrika ya Kaskazini walisalimisha Maandiko matakatifu yachomwe ili wao wanusurike. Mateso yalipokwisha, kundi lililokuja kuitwa Wadonati likasema kwamba askofu aliyewekwa wakfu na msaliti si askofu, na ubatizo wake ni kuoga tu. Mtaguso (yaani mkutano wa maaskofu) wa Arles wa mwaka 314 uliwapinga: aliyebatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu asibatizwe tena, bali awekewe mikono. Baadaye Agostino, askofu wa Hippo, alilipa jibu hilo msingi wake, akifundisha kwamba ubatizo ni wa Kristo na si wa mhudumu, hivyo unajisi wa mkono unaomwaga maji hauyachafui maji. Padre wa mchumba wako, alipokubali ubatizo uliopewa na Walutheri, alikuwa anamfuata Agostino, awe alimtaja au hakumtaja. Kanisa lake huangalia maji, maneno ya Utatu, na nia ya kufanya linalofanywa na Kanisa. Dhehebu la mhudumu haliubatilishi ubatizo.

Hata hivyo kipimo hicho kina mipaka. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 uliagiza kwamba wafuasi wa Paulo wa Samosata, ambao mafundisho yao juu ya Kristo yalihesabiwa kuwa yamepotoka kabisa, wabatizwe upya. Kwa mantiki hiyohiyo, mwaka 2001 Roma ilitamka kwamba ubatizo wa Wamormoni si halali, ingawa hutumia maji na kuwataja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, kwa sababu wanachokimaanisha kwa majina hayo ni kitu kingine. Kwa Waorthodoksi hali ni tata zaidi. Kanisa la Urusi liliamua mwaka 1667 kutowabatiza tena Wakatoliki waliojiunga nalo, ilhali Konstantinopoli, makao ya patriarki mkuu wa Wagiriki, mwaka 1755 ikaagiza wabatizwe. Makanisa hayo yalikuwa na imani moja na ushirika mmoja, lakini mlangoni kila moja lilikuwa na utaratibu wake, na mpaka leo jibu hutegemea askofu gani unamwendea.

Sasa nije upande wa kaka yako. Tarehe 21 Januari 1525, mjini Zürich, Conrad Grebel alimbatiza George Blaurock, mtu mzima aliyekuwa kasisi, na kutoka kikundi hicho kidogo ukaenea mwendo ambao maadui wake waliuita wa "wabatizao tena", yaani Waanabaptisti. Wao walilikataa jina hilo kwa hoja ileile niliyokueleza hapo juu. Tendo lao lilitikisa zaidi ya liturujia. Katika Ulaya ya wakati ule, kubatizwa na kuandikwa kuwa raia vilikwenda pamoja. Aliyesema kwamba Mkristo ni yule tu aliyechagua mwenyewe alikuwa anasema pia kwamba mji si Kanisa na kwamba serikali haina neno katika imani ya mtu. Kwa hiyo Wakatoliki na wanamatengenezo, yaani Waprotestanti wa kwanza waliojitenga na Roma, wasiopatana katika mengine, walipatana katika kuwatesa hao. Felix Manz alizamishwa katika mto Limmat mwezi Januari 1527, na waliomzamisha walikuwa watawala wa mji uliokubali matengenezo. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo Walutheri wanalishika mpaka leo, linawahukumu Waanabaptisti kwa jina. Mwaka 2010, mjini Stuttgart, Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni liliwaomba Wamenonaiti, warithi wa Waanabaptisti, msamaha kwa mateso hayo. Hukumu ya mafundisho haikufutwa, lakini damu ilikiriwa.

Hapo unaona kwamba dai la kuwa madhehebu ni "ugomvi wa viongozi tu" halisimami. Manz hakuwa na kiti cha kugombea. Lakini pia si kweli kwamba kila mgawanyiko ulitokana na imani tupu, na ili nikuonyeshe jinsi mambo hayo mawili yanavyosukwa pamoja, lazima nirudi nyuma zaidi.

Mwaka 451 Mtaguso wa Kalsedonia ulitangaza kwamba Kristo ni nafsi moja katika asili mbili, ya Mungu na ya mwanadamu, zisizochanganyika wala kutengana. Wakristo wengi wa Misri na Shamu walilikataa tamko hilo, na baadaye Waarmenia nao wakalikataa, kwa sababu walikuwa wameshikilia usemi wa Sirili wa Aleksandria juu ya asili moja ya Neno wa Mungu aliyefanyika mwili. Neno la Kiyunani lililokuwa kati yao kila upande ulilisikia kwa namna yake: aliposema Kalsedonia "asili mbili", Mkopti alisikia Kristo wawili, aliposema Mkopti "asili moja", Mgiriki alisikia ubinadamu uliomezwa na uungu. Juu ya kutoelewana huko kukapandishwa mkono wa dola ya Konstantinopoli, iliyowafukuza maaskofu wakaidi na kuweka wake, mpaka kulikataa tamko la mtaguso kukawa pia kumkataa Kaisari. Makanisa ya Kikopti, ya Kiethiopia, ya Eritrea, ya Kiarmenia na ya Kisiria yamebaki nje ya ushirika huo mpaka leo. Miaka zaidi ya 1,500 ilipita kabla Papa Paulo VI wa Roma na Papa Shenouda III wa Aleksandria, mkuu wa Kanisa la Kikopti, hawajatia sahihi, mwaka 1973, tamko la pamoja juu ya Kristo ambalo liliikiri imani ileile pasipo kuyalazimisha maneno yaliyowatenganisha. Tamko kama hilo lilifanywa mwaka 1994 na Kanisa la Mashariki la Waashuru, lililotengwa tangu Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431. Kwa maoni yangu huu ndio mgawanyiko wa kusikitisha kuliko yote, kwa kuwa ndani yake tofauti ya imani ni ndogo na jeraha ni kubwa.

Mgawanyiko wa Mashariki na Magharibi nao una neno lake, moja tu kwa Kilatini, filioque, maana yake "na kwa Mwana". Kanuni ya Imani iliyokamilishwa Konstantinopoli mwaka 381 inasema Roho Mtakatifu atoka kwa Baba, kama ilivyo katika Yohana 15:26. Huko Hispania, katika kupambana na waliopunguza uungu wa Kristo, watu walianza kuongeza "na kwa Mwana", na nyongeza hiyo ikaenea polepole kwa Wafaranki. Mwanzoni mwa karne ya 9 Papa Leo III aliombwa aikubali. Alilikubali fundisho lenyewe lakini akakataa kuigusa Kanuni, kisha akaagiza ichongwe juu ya mabamba ya fedha huko Roma, kwa Kiyunani na kwa Kilatini, bila nyongeza. Roma ilikuja kuiimba na nyongeza yake mwaka 1014, wakati wa kumtawaza Kaisari Henry II. Kwa Waorthodoksi kosa lilikuwa la namna mbili: kwanza fundisho lenyewe, na pili, zito zaidi, kwamba upande mmoja ulijipa ruhusa ya kubadili maneno ya mtaguso wa wote. Unaliona swali letu limerudi.

Siku inayotajwa katika vitabu ni tarehe 16 Julai 1054, ambapo Kardinali Humbert aliweka hati ya kumtenga Patriarki Mikaeli Kerulario juu ya altare ya kanisa kuu la Hagia Sofia. Hati hiyo iliwashutumu Wagiriki, pamoja na mengine, kwa kuiondoa filioque katika Kanuni ya Imani, yaani iliwashutumu kwa kuondoa kitu ambacho hakikuwamo! Papa aliyemtuma Humbert, Leo IX, alikuwa amefariki miezi mitatu kabla, hivyo uwezo wa mjumbe huyo kisheria una mashaka. Waumini wa kawaida hawakujua kwamba wametengana. Walijua mwaka 1204, wapiganaji wa vita vya msalaba kutoka Magharibi walipoiteka Konstantinopoli, wakapora makanisa yake na kumweka patriarki wa Kilatini. Mtaguso wa Florence ulitangaza umoja mwaka 1439, na maaskofu karibu wote wa Kigiriki wakatia sahihi, lakini waliporudi nyumbani watu wao waliukataa. Tarehe 7 Desemba 1965 Papa Paulo VI na Patriarki Athenagora walifuta laana za mwaka 1054. Ushirika wa meza haujarudi, na kinachouzuia leo zaidi ya vyote ni cheo cha Papa, hasa baada ya Mtaguso wa kwanza wa Vatikano kutangaza mwaka 1870 kwamba hakosei anapofafanua rasmi mafundisho ya imani na maadili.

Nimekawia Mashariki kwa makusudi, kwa kuwa wengi huanza hadithi hii kwa Martin Luther na kudhani kabla yake Kanisa lilikuwa moja. Luther mwenyewe hakuanza kwa kutaka kanisa jingine. Hoja zake 95 za mwaka 1517 zilihusu biashara ya hati za rehema, zilizosemwa kuwa zinaondoa adhabu ya dhambi, ambayo sehemu ya fedha zake ilikuwa ya kujengea Basilika la Mtakatifu Petro huko Roma. Naona mwaka wa hatari zaidi ulikuwa 1519, kwenye mjadala wa Leipzig, ambapo Johann Eck alimsukuma hatua kwa hatua mpaka akakiri kwamba baadhi ya mafundisho ya Jan Hus, aliyehukumiwa na kuchomwa moto mwaka 1415 kwa amri ya Mtaguso wa Konstanz, yalikuwa ya Kikristo kweli. Kusema hivyo ni kusema kwamba mtaguso unaweza kukosea. Tangu hapo Luther alibaki na Maandiko peke yake kuwa mwamuzi, na Roma ikabaki na jibu lake kwamba Maandiko bila Kanisa linaloyafafanua humpa kila msomaji upapa wake mdogo.

Kiini cha mafundisho kilikuwa namna mwenye dhambi anavyohesabiwa haki mbele za Mungu. Luther alisimama juu ya Warumi 3:28, kwamba mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria, na wapinzani wake wakamnyoshea kidole Yakobo 2:24, kwamba si kwa imani peke yake. Mtaguso wa Trento, uliokaa kwa vipindi kati ya mwaka 1545 na 1563, ulihukumu fundisho la Kilutheri kama ulivyolielewa. Kwa kuwa wewe ulibatizwa na Walutheri na mchumba wako ni Mkatoliki, ni vema ujue kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, pande hizo mbili zilitia sahihi tamko la pamoja zikisema kwamba katika kweli za msingi za fundisho hili sasa zinakubaliana, na kwamba hukumu za karne ya 16 haziligusi fundisho kama linavyoelezwa katika tamko hilo. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006, na makanisa ya Kireformati, yanayofuata mapokeo ya Zwingli na Calvin nitakaowataja, mwaka 2017. Hoja iliyolipasua Kanisa la Magharibi, basi, kwa sehemu kubwa imeponywa juu ya karatasi, na mpasuko bado upo. Anayedhani kwamba makanisa yakikubaliana katika fundisho yataungana kesho yake, atazame hapo.

Maandiko peke yake yalionekana kwamba hayatoshi kuwaunganisha hata wanamatengenezo wenyewe. Mwezi Oktoba 1529, katika ngome ya Marburg, Luther na Ulrich Zwingli walikutanishwa na mtawala Philip wa Hesse, aliyehitaji Waprotestanti walioungana dhidi ya Kaisari. Walikubaliana katika vipengele 14 kati ya 15. Kilichobaki kilikuwa Meza ya Bwana. Luther aliandika kwa chaki juu ya meza maneno ya Kristo, "huu ndio mwili wangu", akakataa kuyaachia. Zwingli alimjibu kwa Yohana 6:63, kwamba mwili haufai kitu, na kwamba "ndio" hapo ni sawa na kusema "huashiria". Wote wawili walikuwa wasomi, walisoma Kiyunani, walikuwa na Biblia ileile mezani, na wote walikuwa wamekwisha kumkataa Papa. Hawakumaliza kwa umoja. Tofauti iliyozaliwa pale ipo hadi leo kati ya Walutheri, wanaokiri kwamba mwili wa Kristo upo kweli katika mkate, na makanisa mengi ya Kipentekoste na ya Kibaptisti, ambayo huona katika Chakula cha Bwana ukumbusho. John Calvin alitafuta njia ya kati, nayo ikawa njia ya Wapresbiteri. Wakatoliki hushika mageuzo ya mkate kuwa mwili. Waorthodoksi hukiri jambo hilohilo, kwa kawaida bila kutaka kulichambua sana.

Ndiyo sababu mchumba wako hakualiki kupokea Ekaristi, yaani Meza ya Bwana, kanisani kwake ingawa kanisa lake limeukubali ubatizo wako. Watu wengi hilo huwachanganya. Kwa Roma, Ekaristi huhitaji padre aliyewekwa wakfu na askofu aliye katika mfululizo wa mitume, na mfululizo huo Roma haiuoni kwa Waprotestanti. Mwaka 1896 Papa Leo XIII aliyatangaza hata madaraja ya Kianglikana, yaani kuwekwa wakfu kwa maaskofu na makasisi wao, kuwa batili kabisa. Ubatizo hauhitaji padre, kwa kuwa wakati wa dharura mtu yeyote anaweza kubatiza, kwa hiyo ulipita mlango ambao Ekaristi haipiti.

Tofauti ya vitabu vya Biblia ni tawi la mti huohuo. Mkatoliki ana vitabu 73, Mprotestanti 66, na Kanisa la Ethiopia huhesabu 81. Luther aliviweka vile vinavyobishaniwa katikati ya Maagano mawili, akisema ni vizuri kuvisoma ingawa havilingani na Maandiko, na Trento ikavithibitisha mwaka 1546. Ukiuliza "Biblia inasema nini", kuna swali linalotangulia, la nani aliyepanga vitabu vyake.

Migawanyiko ya baadaye nitaipita kwa haraka, kwa sababu mingi haihitaji theolojia kuieleza. Kanisa la Scotland lilipasuka mwaka 1843 kwa sababu mabwana wa ardhi walikuwa na haki ya kuchagua wachungaji wa sharika. Wamethodisti wa Marekani waligawanyika mwaka 1844 juu ya askofu mwenye watumwa, wakarudiana mwaka 1939. Wabaptisti wa Kusini walijitenga mwaka 1845 kwa ugomvi wa aina hiyo, na waliomba radhi rasmi mwaka 1995. Kabla yao, mwaka 1816, Richard Allen na Wamethodisti weusi wenzake walikuwa wameunda kanisa lao baada ya kuchoka kudhalilishwa katika ibada. Mwaka 2018 Patriarkati ya Moscow ilivunja ushirika na Konstantinopoli juu ya Ukraine, bila hata nukta moja ya Kanuni ya Imani kubishaniwa. Kwa mambo kama haya nakubaliana nawe kabisa kwamba ni ugomvi wa viongozi, au wa dola, au wa fedha, uliovikwa joho.

Mengine yalizaliwa na tumaini. Waadventista wa Sabato walitoka katika mwamko wa waliomngojea Kristo tarehe 22 Oktoba 1844, wakajipanga kuwa kanisa mwaka 1863, na kwao siku ya saba si desturi bali amri isiyowahi kufutwa. Upentekoste wa leo hufuatiliwa hasa hadi ibada zilizoongozwa na William Seymour mtaa wa Azusa, Los Angeles, kuanzia mwaka 1906, ambako weusi na weupe walisali pamoja wakati sheria na desturi za nchi ziliwatenga. Walioamini kwamba Roho amerudi kuliunganisha Kanisa lote walijikuta, ndani ya miaka kumi, wamegawanyika wenyewe: mwaka 1916 wale waliobatiza kwa jina la Yesu peke yake, kwa kufuata Matendo 2:38, walitoka katika shirika la Assemblies of God, lililosimama upande wa Utatu. Hili linakuhusu. Si Wapentekoste wote wanaoukataa ubatizo wako kwa sababu moja. Wapo wanaoukataa kwa sababu ya umri uliokuwa nao, na wapo ambao wangeukataa hata kama ungekuwa mtu mzima, kwa sababu ya maneno yaliyotamkwa.

Utasikia pia kwamba madhehebu ni 45,000. Namba hiyo itumie kwa tahadhari. Wanaoihesabu huhesabu kila kanisa upya katika kila nchi lilimo, hivyo jumuiya moja iliyoenea katika nchi nyingi huonekana kama madhehebu mengi. Ukiyapanga kwa familia, sehemu kubwa sana ya Wakristo wote wamo katika familia zisizozidi kumi na mbili, na karibu nusu ya Wakristo wote ni Wakatoliki.

Juhudi za kurudiana si za maneno matupu. Baraza la Makanisa Ulimwenguni liliundwa Amsterdam mwaka 1948, na mwaka mmoja kabla, Waanglikana, Wamethodisti, Wapresbiteri na Wakongregesheni wa India Kusini walikuwa wamekwisha kuungana kuwa kanisa moja. Kuhusu ubatizo hasa, mwaka 2007 makanisa 11 ya Ujerumani, yakiwamo ya Kikatoliki, ya Kiprotestanti na ya Kiorthodoksi, yalitia sahihi huko Magdeburg azimio la kukubaliana ubatizo wao kwa wao. Wabaptisti na Wamenonaiti hawakutia sahihi. Hawakuwa wakaidi, kwani kutia sahihi kungekuwa kusema kwamba mababu zao walizamishwa mtoni kwa kosa la kuelewa vibaya.

Mimi si mchungaji wako, na sitakuamulia. Lakini kabla hujaingia maji yoyote, rudi kwa mchungaji wa kaka yako umwombe akueleze kipi hasa kilikosekana: kama ni umri wako, au wingi wa maji, kwa kuwa ulinyunyiziwa na hukuzamishwa, au maneno yaliyotamkwa, au kanisa lililoyatamka. Haya ni makosa manne mbalimbali, na kila moja lina majibu yake. Kisha umuulize padre swali la upande wa pili: kama ubatizo wako ni ubatizo wake, kwa nini meza yake si meza yako. Waombe wote wawili wakujibu kwa utulivu, na uwepo mchumba wako, kwa sababu mtoto wenu wa kwanza akizaliwa swali hili litakuwa lake pia, na litawapasa ninyi wawili kulijibu kabla yeye hajajua kusema.